Ampea Kumi

Siku ambayo Nkwimba Lugembe aliamua kukosea kwa makusudi, joto la Shinyanga lilikuwa limefika nyuzi arobaini na moja, na hata saa tano asubuhi haijagonga.

Alikuwa fundi umeme wa miaka kumi na saba kazini. Mtaani Ibinzamata walimjua kwa kazi safi: hakuacha waya ukining'inia, wala boksi la swichi likikaa upande ukutani. Asubuhi hiyo alikuwa kwa Mwalimu Elikana Balele, aliyemfundisha fizikia kidato cha tatu. Mwalimu sasa alikuwa na miaka sabini na minne na mapafu yaliyosinyaa. Alikuwa ameegemea mito mitatu, mpira mwembamba puani, na pembeni ya kitanda mashine ya oksijeni ikikoroma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alivuta pumzi mbili kabla ya kuendelea. "Wamekutuma na rangi gani?"

Nkwimba aliweka begi chini, akamtazama Sayi, binti wa Mwalimu, aliyesimama mlangoni amefunga mikono kifuani.

"Njano," alisema.

"Njano," Sayi alirudia. "Fundi, njano ni ya mashine ya kusaga. Njano ni ya saluni. Baba yangu ni saluni?"

"Niliomba nyekundu, dada. Nimeomba mara mbili." Nkwimba alifungua kompyuta yake ya mkononi na kumgeuzia. "Transfoma ya mtaa huu inaruhusiwa nyekundu kumi na mbili tu. Zote kumi na mbili zina watu. Mpaka mmoja atoke."

Sayi alijua maana ya kutoka.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu mabwawa yakauke na Mizani kuanza kugawa umeme. Mizani haikuwa mtu wala ofisi. Ilikuwa mfumo uliosoma majibu ya kila swichi nchini kila sekunde na kuamua nani azimiwe nini. Kila kitu chenye plagi kilipaswa kupitia swichi janja, na kila swichi ilikuwa na rangi. Mzigo ukipanda, Mizani ilizima nyeupe kwanza, yaani pasi, feni na televisheni. Ukizidi, ilizima njano. Nyekundu haikuzimwa. Wengi waliilaani, lakini Nkwimba alikumbuka mwaka wa kabla ya mfumo huo, umeme ulipokuwa ukikatika mji mzima kwa siku tatu, wodi za hospitali zikiwa gizani. Hakuwahi kusema kwamba Mizani ni mbaya. Alisema tu kwamba inahesabu.

"Siku za joto njano inazimwa saa ngapi mpaka saa ngapi?" Sayi aliuliza.

"Saa sita mpaka saa kumi."

"Na mtungi wa zahanati ni mmoja kwa wiki. Unamtosha saa nne. Siku sita zilizobaki apumue nini?"

Mwalimu alifumba macho, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Nkwimba alipiga magoti mbele ya soketi, akalegeza skrubu na kuvuta waya nje. Nyumba ilikuwa ya zamani. Kwenye boksi waya zilikuwa zimechakaa, kwa hiyo ilimbidi ashushe mpya kutoka darini, mashine ikiwa imechomekwa kwa muda kwenye soketi ya chumba cha pili. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima, na saa nzima hiyo aliwaza jambo moja.

Begini alikuwa na swichi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ampea kumi na sita, ya vitu vyenye mota, kama mashine ile ya oksijeni. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au sita ya ule wa kawaida, kwa kufumba na kufumbua, kisha hutulia. Swichi hiyo imetengenezwa kustahimili mshtuko huo, tena ina kipimo kinachoiambia Mizani ni umeme kiasi gani unapita kweli. Ya pili ilikuwa ya ampea kumi, ya taa na feni ndogo. Haina kipimo. Ikiamriwa kuzima, hujibu "nimezima" na Mizani huamini. Ukiifungia mota, ule mshtuko wa kuwasha hutoa cheche ndani yake, na baada ya kuwashwa na kuzimwa mara kadhaa, vidole viwili vya shaba vinavyogusana huyeyuka na kushikamana. Tangu hapo swichi itajibu "nimezima" kila inapoamriwa, na umeme utaendelea kupita.

Hakuna fundi wa daraja lake ambaye hakujua hilo. Na zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya swichi halali. Kuchagua ndogo halikuwa kosa la jinai. Lilikuwa kosa la uzembe, kama la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Alichukua ya ampea kumi. Aliifunga kwa uangalifu kuliko swichi yoyote aliyowahi kufunga, akachomeka mashine, akawasha na kuzima swichi mara thelathini, mpaka aliposikia mlio wake umebadilika. Kisha aliizima mara ya mwisho. Taa ndogo ya njano ilizimika. Mashine iliendelea kukoroma.

Sayi alitazama taa, akatazama mashine.

"Mbona..."

"Usimwambie mtu," Nkwimba alisema, akikusanya bisibisi zake.

Alipogeuka kuaga, Mwalimu Balele alikuwa amefumbua macho. Alikuwa akiitazama swichi ukutani, maandishi madogo ya pembeni yake, kwa muda mrefu.

*

Sayi alimwambia mtu mmoja tu. Alikuwa mama waliyekutana naye kwenye foleni ya mitungi, ambaye mumewe alipumua kwa shida kama Mwalimu. Mama huyo naye alimwambia mmoja. Kufikia katikati ya Oktoba, Nkwimba alikuwa amefunga swichi nne za ampea kumi mahali pasipostahili: kwa Mwalimu, kwa mume wa yule mama, kwa mwanamke mgonjwa wa figo, mwenye mashine ya kusafisha damu, na kwa kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye mapafu mabichi.

Kila mara alijiambia ni ya mwisho. Lakini mtu akikufuata hadi jikoni kwako, akakaa kwenye kigoda na kukueleza mwanawe anavyobadilika rangi ya midomo, utamwambia nini?

Alifanya hesabu, bila shaka. Mashine nne zilizofichwa zilikuwa mzigo mdogo. Transfoma ilikuwa na nafasi ya ziada, na kwa hesabu zake ingeubeba. Hakuhesabu kwamba transfoma yenyewe ilikuwa imezeeka, na kwamba mafuta yake ya kupoza yalikuwa yamechemka kila mchana kwa miaka mitatu.

Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili joto lilipanda hadi nyuzi arobaini na nne. Kufikia saa nane mchana Mizani ilikuwa imezima nyeupe zote za Ibinzamata na njano zote, ikasoma majibu na kuridhika kwamba mzigo uliobaki ni wa nyekundu kumi na mbili tu. Ikaiacha transfoma iendelee karibu kabisa na kikomo chake. Haikujua kuna mashine nne zaidi. Saa nane na dakika kumi transfoma ilijikata yenyewe ili isiungue, na kila kitu mtaani kikazimika, pamoja na nyekundu zote.

Umeme ulirudi baada ya dakika hamsini na tano.

Kila nyumba yenye nyekundu ilikuwa na betri ya akiba. Nyumba kumi na moja betri zilitosha. Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Ng'wandu Jilala, fundi cherehani, aliyeishi na binti yake wa pekee, Kabula. Kabula alikuwa na miaka kumi na tisa na ugonjwa uliokuwa ukimlegeza misuli kidogo kidogo, na sasa ulikuwa umefika kifuani. Mashine ndiyo iliyompulizia pumzi. Betri yake ilidumu dakika arobaini. Baba yake alimpulizia kwa mdomo wake dakika kumi na tano zilizobaki, peke yake, akiwaita majirani kati ya pumzi na pumzi. Umeme uliporudi, Kabula alikuwa ameshakwenda.

Swichi yake nyekundu ilikuwa imefungwa na Nkwimba mwenyewe, miaka miwili nyuma. Ilikuwa kazi nzuri. Haikuwa na kosa lolote.

*

Mkaguzi wa umeme alitoka makao makuu siku ya pili ya msiba, jina lake Mtweve, mtu mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alikagua transfoma, akakagua betri kwa Jilala, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja, nakala akampa mfiwa. Transfoma ilijikata kwa sababu ya joto, iliandikwa. Kifo kilitokana na betri kuisha mapema kwa sababu ya matumizi yasiyoruhusiwa: kwenye betri palikutwa pamechomekwa redio.

Nkwimba alikuta karatasi hiyo mikononi mwa Jilala alipokwenda kuhani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje, chini ya turubai. Jilala alikuwa ndani, kwenye kiti cha cherehani yake.

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa, mayu. Kaa." Alimwita mama kwa Kisukuma, kisha akainyoosha ile karatasi juu ya goti. "Ni mimi niliyeichomeka redio. Umeme ulipokatika alianza kuogopa. Kulikuwa na mpira, unajua alivyopenda mpira. Nikasema asikilize, atulie. Nilifikiri umeme utarudi mara moja."

Nkwimba aliiona redio juu ya kabati. Ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi. Isingekula hata dakika mbili za betri ile. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Baba, redio haikumuua."

"Wameandika."

"Wamekosea."

"Wana vipimo, mayu. Wewe una nini?"

Angeweza kusema kwamba anajua betri, basi, akaishia hapo. Angeweza kwenda siku hiyo hiyo kuzibadilisha zile swichi nne kimyakimya na mtu yeyote asijue. Njia nzima ya kuja msibani alikuwa amejiambia ndivyo atakavyofanya. Lakini mzee yule aliikunja karatasi vizuri na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Nkwimba akaona kwamba ataibeba hapo mpaka afe.

Alimweleza yote. Alimweleza kuhusu ampea kumi na kumi na sita, na vidole vya shaba vilivyoshikamana, na mashine nne ambazo Mizani haikuziona. Hakutaja majina.

Jilala alisikiliza hadi mwisho. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali ya cherehani, ukiikanyaga taratibu bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka.

"Hao wanne wako hai?"

"Wako hai."

"Na ukisema kwa mkaguzi?"

"Watafungiwa swichi za haki. Watarudi njano. Mmoja atapata nafasi ya Kabula. Wengine..."

"Kuna mtoto?"

"Mchanga. Miezi miwili."

Sindano iliendelea kupanda na kushuka. Nje mtu aliomba maji ya kunawa.

"Kwa nini umeniambia mimi?" Jilala aliuliza. "Mkaguzi amelala hoteli pale stendi. Ungekwenda kwake. Umekuja kwangu ili nikwambie nini? Nikikwambia nyamaza, nimemuuza binti yangu. Nikikwambia sema, mimi ndiye nitakayekuwa nimezizima mashine za watu. Umekuja na mzigo wako ukatafuta kichwa cha kuutwika."

"Sikukusudia hivyo, baba."

"Najua hukukusudia. Na kwa swichi hukukusudia mtu afe." Alitoa mguu kwenye pedali. "Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, na leo usiniombe. Nenda ukafanye la kwako. Mimi nina wageni."

*

Mtweve alimsikiliza Nkwimba akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha gari. Fundi alipomaliza, alimwomba aandike kwa mkono wake na kutia sahihi. Kisha alibaki akiyatazama maandishi.

"Ningeiacha ripoti hivi, fundi, pasingetokea mtu wa kuuliza," alisema.

"Jilala angeuliza kila siku."

Mtweve alimpigia mtu simu, akaongea kwa sauti ya chini, akarudi. Leseni ya Nkwimba ingefutwa Jumatatu. Kabla ya hapo alitakiwa kuzitoa zile swichi nne mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyejua zilipo, na kwa kuwa transfoma isingevumilia siku nyingine kama ile. Nyumba nyingine kumi na moja zilikuwa zinaitegemea.

Nafasi ya Kabula haikuchaguliwa na mtu. Mizani ilipanga majina manne kwa alama za umri na ugonjwa, ikampa kichanga. Mwanamke wa figo alikuwa wa pili. Mwalimu Balele alikuwa wa nne.

Mama wa kichanga alimshukuru Nkwimba huku akilia, na Nkwimba akashindwa kubaki mlangoni. Kwa mwanamke wa figo alitukanwa, akafanya kazi akitukanwa. Kwenye nyumba ya tatu hapakuwa na aliyesema naye. Alifika kwa Mwalimu Jumapili, saa tano na nusu.

Sayi alisimama mlangoni na hakusogea.

"Umekuja kumuua baba yangu."

"Mruhusu apite," sauti ilitoka ndani.

"Baba, nyamaza wewe, utachoka."

"Sayi. Mruhusu."

Alipita. Mwalimu alikuwa amepungua tangu siku ile, lakini macho yalikuwa yale yale, ya mtu aliyezoea kungoja darasa litulie. Nkwimba alipiga magoti kwenye soketi. Alizima saketi ukutani, na mashine ikanyamaza kwa dakika tatu alizohitaji. Sayi aliufungua mtungi kumshikilia babake. Swichi ya ampea kumi ilitoka na alama nyeusi ya kuungua ubavuni. Ile ya kumi na sita ilikaa vizuri.

"Niliijua siku ile ile," Mwalimu alisema, pumzi ikikatisha maneno. "Niliisoma pale pembeni. Nikajua umefanya nini, na nikajua kinaweza kutokea nini. Nilikufundisha mwenyewe hesabu hizo."

"Mwalimu, pumzika."

"Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka kuishi. Usiseme ulifanya peke yako. Hata kwenye maandishi yako ungeniweka." Alipumzika kidogo. "Binti wa Jilala nilimwona akiwa mdogo. Alikuwa akimshinda kila mtu kukimbia."

Sayi aligeukia ukutani.

Nkwimba alikusanya vifaa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Alipofika kizingitini, Sayi alimwita bila kugeuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemaliza, dada."

"Hujamaliza. Rudi ukae hapo." Alionyesha upande wa pili wa kitanda. "Utakaa mpaka saa kumi. Utaona unachokifunga. Na kesho utakuja, na keshokutwa. Kila siku ya joto utakuja saa sita."

Nkwimba alirudi akakaa. Saa sita kamili swichi ilitoa mlio mmoja mdogo, taa yake ikazimika, na mashine ikazimika pamoja nayo. Hakuwa amejua jinsi ilivyokuwa na kelele. Mwalimu alishika ukingo wa shuka. Sayi alimshika mkono wa kushoto. Baada ya muda, Nkwimba alimshika wa kulia, na Mwalimu hakuuondoa. Walimpepea kwa zamu kwa kipande cha ukili wa mkeka. Walimwinua alipotaka kuinuliwa. Mtungi waliufungua kwa dakika tano tano, wakifunga tena kabla hajatosheka, ili ufike Jumamosi.

Saa kumi umeme ulirudi. Alikuwa hai, midomo imekuwa ya kijivu. Sayi alimletea Nkwimba maji ya kunywa, akamwekea mezani badala ya kumpa mkononi.

Alikuja kesho yake, na keshokutwa yake. Hakuwa fundi tena, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Siku nyingine Mwalimu alipata nguvu ya kumuuliza swali la fizikia, na Nkwimba akajibu taratibu ili kumpotezea muda. Siku nyingine hakufumbua macho. Mvua zilichelewa. Ilipofika wiki ya tatu Sayi aliacha kumwekea maji mezani, akaanza kumpa mkononi, ingawa hawakuongea zaidi ya kuambiana "mwinue," "mgeuze," "bado nusu saa."

Siku ya ishirini mtungi ulikuwa mtupu. Mwalimu Balele alifariki saa tisa na robo mchana, mikono yake miwili ikiwa imeshikwa. Walibaki wamekaa hivyo hivyo. Hapakuwa na aliyesimama kwenda kuwaita watu.

Saa kumi kamili taa ya njano iliwaka ukutani. Mota ilishtuka, ikakoroma, na mpira uliokuwa umelala juu ya mto ukaanza kupuliza hewa. Swichi ilifanya kazi yake sawasawa.

"Zima," Sayi alisema.

Nkwimba alinyoosha mkono, akaizima.